Upungufu wa buku jero kila siku: kishikwambi cha kaunta kilivyonifanya nimkate binti wa watu mshahara

MamaSupu_Ngarenaro (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za leo. Nina mgahawa Ngarenaro hapa Arusha, unatembea kwa mguu kutoka soko la Kilombero. Asubuhi supu na chapati, mchana wali, ndizi na ugali. Ninaloandika limenikaa moyoni wiki ya tatu sasa. Nimeona nilishushe hapa kwa sababu wengi wetu tunanunua vishikwambi vya kuweka kaunta, na hakuna anayetueleza kioo cha tachi kinavyokutana na kidole cha mtu aliyechoka saa saba mchana.

Mwezi wa pili niliachana na daftari. Nikanunua kishikwambi cha inchi 8, kijana mmoja akanifungia programu ya mauzo. Oda za jikoni zinaendelea kupelekwa kwa mdomo, kishikwambi kazi yake ni kuandika kilichouzwa tu. Pembeni ipo mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, kama kawaida, binti anaandika bei, risiti inatoka, mteja anaondoka nayo. Jioni nafungua kishikwambi, kinaniambia leo umeuza kiasi fulani. Nahesabu droo, najumlisha na ya lipa namba. Hela haitimii.

Haikuwa nyingi. Leo 3,000, kesho 1,500, Ijumaa 6,000. Nikamwita binti wa kaunta, akaapa hajagusa hata shilingi. Nikamjibu kwamba mashine haina sababu ya kumsingizia mtu, nikaanza kumkata kwenye mshahara. Miezi miwili nimemkata jumla ya 87,000. Ana mtoto mdogo na amepanga chumba Unga Limited.

Siku moja tunafunga, yeye anafuta meza, akaniambia taratibu: "Mama, samahani, naomba nikuulize. Mbona huu upungufu kila siku unakwenda kwa buku jero? Mwizi gani huyo, kila akiiba ni buku jero, au buku jero mara mbili, mara nne, hachukui hata elfu mbili siku moja?"

Nikaenda kwenye kijitabu nilikokuwa naandika upungufu. Kweli. Kila namba inagawanyika kwa 1,500, hiyo buku jero. Hata ile 87,000 ukiigawa unapata 58 kamili, hakuna senti inayobaki.

Hapo ndipo nikakumbuka msumari. Nyuma ya mlango wa stoo nina msumari ambao karatasi za Z za EFD, zile za kufunga siku, zinachomekwa kila jioni. Sikuwa nimezilinganisha na kishikwambi hata mara moja. Nikazichomoa usiku ule, nikakaa nazo na kikokotoo mpaka saa tano. Z ilikuwa inalingana na droo ukijumlisha na lipa namba. Siku zote. Binti alikuwa anapokea hela sahihi, anatoa risiti sahihi, anaweka droo sahihi. Aliyekosea ni kishikwambi.

Ijumaa iliyofuata nikakaa kwenye benchi karibu na sinki la kunawia, mchana mzima, namwangalia mikono. Kwenye orodha, Wali maharage 2,500 ilikuwa juu, Wali nyama 4,000 imefuata chini yake, tofauti ni hiyo buku jero. Kishikwambi kimelala chali juu ya kaunta, binti amesimama, anakitazama kwa mshazari. Analenga Wali maharage, kidole kinaangukia mstari wa chini. Chenji iko mkono mwingine, mteja wa pili ameshanyoosha noti, hana nafasi ya kurudia kuangalia. Nikachukua rula ya mwanangu ya shule, nikapima ule mstari: milimita 5, na kati ya mstari na mstari hakuna nafasi yoyote. Ncha ya kidole changu cha shahada ina zaidi ya sentimita 1.

Nimemrudishia 87,000 yake na nimemwomba radhi mbele ya wenzake wote, kwa sababu tuhuma nilizitoa mbele yao. Sasa nataka wenye uzoefu tusemezane. Vifaa hivi tunavipangaje ili visimuumize anayevitumia?

BatiNaMisumari_Mbuyuni

Shikamoo mama. Nipo Moshi, duka la vifaa vya ujenzi jirani na soko la Mbuyuni. Pole sana, na hongera kwa kurudisha hela, wengi wangekaa kimya.

Kwangu tatizo ni jingine. Kishikwambi kinajibonyeza chenyewe. Naingiza misumari kilo 2, kinaandika 22. Nagusa huku, panafunguka kule. Nimekipeleka kwa fundi mara mbili. Dukani kwake kinatulia kama maji mtungini, nikirudi nacho kaunta kinaanza tena. Nikaambiwa kioo kimekufa, ninunue kingine.

FundiVioo_Arusha

@BatiNaMisumari_Mbuyuni kaka, usinunue kioo bado. Jibu swali moja: kikiwa kaunta kinakuwa kwenye chaja?

BatiNaMisumari_Mbuyuni

Muda wote mkuu. Chaja ya mtaani, ile iliyokuja nacho ilipotea.

FundiVioo_Arusha

Basi mgonjwa wako ni chaja. Chomoa, fanya kazi nusu saa kwa betri, uniambie.

Nieleze kidogo, kwa sababu ukijua kioo kinavyofanya kazi hata tatizo la mama litaeleweka. Zamani kulikuwa na vioo vya kusukuma, vina tabaka mbili zenye nafasi katikati, unapobonyeza zinagusana. Vile vinakubali kitu chochote, ukucha, kalamu, glavu. Vishikwambi na simu za sasa havisikilizi msukumo. Chini ya kioo kuna gridi ya nyaya nyembamba za uwazi, na kidole chako kwa kuwa mwili unapitisha umeme kinabadilisha chaji pale kilipokaribia. Mashine inapima badiliko hilo sehemu nyingi kwa wakati mmoja, kisha inakisia katikati ya kidole ni wapi. Kumbuka neno hilo, inakisia. Kidole chako ni doa pana, programu inahitaji nukta moja.

Sasa chaja mbovu inaingiza kelele ya umeme kwenye gridi ileile. Mashine inaona mabadiliko ambayo si kidole, inayahesabu kuwa ni miguso. Ndiyo maana kwa fundi kinatulia: amekichomoa. Maji nayo yanapitisha umeme, tone likikaa juu ya kioo linaweza kusomeka kama kidole, au likaunganisha kidole chako na sehemu ya pembeni. Mkono wenye mafuta mengi au unga unapunguza kusikia. Glavu za sufi za baridi ya Julai hazipitishi kabisa. Na zile glasi za kubandika za bei ya chini, nene, zilizoshika kingo tu huku katikati pana hewa, zinafanya ubonyeze mara mbili mbili.

Mama, la kwako la kidole kuangukia chini linafahamika. Mtu anaamini amegusa pale anapoona ukucha wake, kumbe nyama ya kidole iliyogusa kioo iko chini ya hapo, upande wake yeye. Kishikwambi kikilala na mtu akasimama, ndivyo inavyozidi. Ndiyo maana upungufu ulikuwa unakwenda upande mmoja tu. Angekuwa anakosea juu na chini sawasawa, siku nyingine droo ingezidi.

MamaSupu_Ngarenaro

Fundi, Mungu akubariki. Hilo la upande mmoja lilikuwa linanisumbua, maana haikuzidi hata siku moja. Wali nyama ulikuwa mstari wa mwisho kabisa, chini yake patupu, kwa hiyo aliyelenga nyama hakuwa na pa kukosea.

Karani_Mstaafu

Mimi sijawahi kupata upungufu wa buku jero kwenye daftari miaka 20. Mtu anaandika kwa kalamu anachokiona. Haya mavioo tunayakimbilia kwa sababu jirani anayo. Mama, ushauri wangu rudi kwenye daftari na EFD, inatosha.

MamaSupu_Ngarenaro

Mzee wangu shikamoo. Nimelifikiria sana hilo. Lakini kwenye daftari sikujua supu inaisha saa ngapi. Kishikwambi kimenionyesha kwamba Jumatatu supu inakwisha kabla ya saa tatu na Alhamisi inabaki sufuria nzima. Nimepunguza kununua nyama ya Alhamisi. Hiyo faida siwezi kuiacha. Ninachotaka ni kisimgharimu mtu mwingine.

Mwl_Kompyuta_Shanty

Nimefurahia uzi huu. Nafundisha kompyuta hapa Moshi, niongeze historia kidogo kwa sababu inahusika moja kwa moja.

Mwaka 1983 kampuni ya HP ilitoa kompyuta ya kugusa, HP-150. Haikuhisi kidole chenyewe. Pembeni mwa kioo kulikuwa na vitundu vya mwanga usioonekana, kidole kikikatiza mwanga ndiyo inajua umegusa wapi. Vitundu vile vilikuwa vinaziba vumbi. Hebu fikirieni vumbi letu la mwezi wa tisa. Miaka mitatu baadaye, 1986, Mmarekani Gene Mosher alionyesha kwenye maonesho ya kompyuta ya COMDEX, Las Vegas, programu ya mgahawa inayoendeshwa kwa kugusa, ikitumia kompyuta ya Atari. Aliiita ViewTouch. Mosher alikuwa mtu wa migahawa. Alijua kaunta ikoje watu wakijazana, ndiyo maana akaweka vitufe vikubwa vya rangi, kila chakula na kitufe chake, badala ya orodha ndefu. Hivi vishikwambi vya sasa vimeenea baada ya iPad ya 2010, na Android ikafuata, lakini somo la kitufe kikubwa ni la zamani kuliko hapo.

Mama, programu yako nadhani iliandikwa kwa ajili ya mausi. Mshale wa mausi ncha yake ni ndogo kama sindano, mstari wa milimita 5 unautosha. Google wanawashauri waandishi wa programu za Android kitufe kisipungue milimita 9 hivi, tena kiachiwe nafasi pembeni. Na hicho ni cha chini kabisa, kwa mtu aliyetulia na simu yake. Kaunta yenye foleni inataka zaidi.

Kingine ambacho watu hawakifikirii: mashine ya EFD ina vitufe vya kweli, vinabonyea. Huyo binti bila shaka anaziandika bei huku anamtazama mteja, vidole vinajua njia. Kioo hakina mlima wala bonde, kinalazimisha macho yashuke kila mara. Na kila mara programu inapohamisha kitufe, kwa mfano zile zinazopanga "vinavyouzika zaidi" juu, inamfuta mtu mazoea yake yote. Kitufe kikae palepale mwaka mzima.

Saluni_Njiro

Mimi nina swali na neno. Neno ni kwamba tatizo la mama halikuwa vitufe peke yake. Nani alikuwa anaingia kwenye programu? Nina hakika kishikwambi kilikuwa kimefunguliwa kwa jina moja kutwa nzima.

MamaSupu_Ngarenaro

Kweli dada. Kilifunguliwa kwa jina la binti tangu asubuhi. Na wahudumu wawili walikuwa wanaingiza mauzo humohumo akienda chooni au kula. Makosa yote yakawa yake.

Saluni_Njiro

Ndiyo hapo. Kwangu kila msusi ana namba yake ya siri ya tarakimu nne, akimaliza kuingiza kinajifunga chenyewe. Si kwa ajili ya kukamata mtu. Nikiona kosa najua nikakae na nani tuangalie pamoja. Na kwenye mipangilio ya Android kuna kubandika skrini, ipo tangu toleo la 5, mtu hawezi kutoka kwenye programu ya mauzo akaingia kuangalia video. Swali langu: naandika namba za simu za wateja humo, kuna shida?

Wakili_Sekei

Dada, kusanya unachokihitaji tu, mwambie mteja unakitumia kwa nini, na usiwape wengine. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inakuhusu hata kama una saluni ya viti vitatu. Kishikwambi kikiibiwa bila kufungwa, umetoa namba za watu wote.

Mama, nikurudie wewe kwa heshima. Ulichofanya mwanzoni sheria hairuhusu, na naandika kwa ajili ya waajiri wengine wanaosoma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inataka kabla ya kumkata mfanyakazi kufidia hasara umweleze kwa maandishi sababu, kiasi na ulivyopiga hesabu, umpe nafasi ya kupinga, na hasara iwe imetokana na kosa lake kweli. Makato yenyewe yasizidi robo ya mshahara wake. Ungempa ile hesabu kwa maandishi siku ya kwanza, lile swali la buku jero angekuuliza wiki ya kwanza.

MamaSupu_Ngarenaro

Nimepokea, wakili. Nimeisoma mara tatu sentensi yako ya mwisho.

BatiNaMisumari_Mbuyuni

Fundi!! Nimefanya kazi tangu asubuhi kwa betri, hakijajibonyeza hata mara moja. Nimekichomeka tena kwenye ile chaja, papo hapo kikaandika saruji mifuko 77. Nimeitupa. Asante sana mkuu, nilishaanza kutafuta hela ya kioo.

FundiVioo_Arusha

Safi sana kaka. Nunua chaja ya maana, ya ampea zinazolingana na kifaa chako. Ila usikiache kwenye chaji usiku na mchana. Betri hizi za lithiamu zikikaa zimejaa asilimia 100 muda wote, tena kwenye joto, zinachakaa haraka na mwisho zinavimba. Naletewa vishikwambi vya kaunta kioo kimeinuka kama mfuniko wa sufuria, mwenyewe anadhani gundi imeachia. Ukikiona hivyo zima, usikibonyeze kirudi, usikitoboe, kilete. Vifaa vingine vina mpangilio wa kuishia chaji asilimia 80 au 85, uwashe. Kama hakina, chaji asubuhi kabla ya kufungua, chomoa, rudia saa kumi. Usikiweke juu ya friji, wala karibu na jiko.

Msimbo_Kijenge

Mimi ni mwandishi wa programu, siyo niliyemfungia mama. Lakini naona aibu kwa niaba yetu. Tunaandikia ofisini, kiti kizuri, kompyuta kubwa, mausi. Hatujawahi kusimama nyuma ya kaunta saa saba.

Wanaotaka kununua programu, ijaribuni hivi. Zima waifai na bando, uza vitu vitano. Ikigoma, iacheni. Inatakiwa iandike ndani ya kifaa kwanza, ipeleke mtandao ukirudi. Waliokuwa makarani wa sensa ya 2022 wanajua, vishikwambi vile vilikwenda mpaka vijiji ambavyo mtandao unaupata ukipanda kilima. Ingetegemewa mtandao muda wote kazi isingefanyika. Halafu ingiza kosa makusudi uone kulifuta kunachukua miguso mingapi, na kama kufuta kunaacha alama ya nani amefuta na saa ngapi. Printa ndogo ya karatasi ya milimita 58 inatosha kwa karatasi ya jikoni. Karatasi hiyo isichanganywe na risiti ya EFD, mteja apewe ile ya EFD.

Mama, kama kijana wako haonekani, niambie, nitapita Ngarenaro nipange ile skrini upya. Sitaki malipo, nataka kukaa kwenye lile benchi lako mchana mmoja.

MamaSupu_Ngarenaro

Wakuu, nirudi na mrejesho. Msimbo_Kijenge alikuja Jumanne, akakaa karibu na sinki tangu saa sita na nusu mpaka saa tisa. Hakugusa kompyuta yake. Alikuwa anaandika kwenye karatasi tu, binti akienda kulia anachora mshale, akirudi anachora mwingine. Baadaye akamwomba binti wakae pamoja na akamuuliza kila kitufe anakitaka wapi. Mimi mwenye mgahawa nikaambiwa nisubiri.

Kilichotokea sikukitegemea. Binti anatumia mkono wa kushoto. Miezi yote hii sikuwa nimeligundua hilo, maana droo iko kulia na chenji anaitoa kwa kulia. Vitufe vyote vya kukubali vilikuwa kulia chini, kwa hiyo kila akibonyeza, mkono wake unakatiza kioo chote na kufunika jumla. Alikuwa haoni ameandika nini mpaka ameshakubali.

Sasa vitufe ni vya sentimita 2. Wali maharage ni wa kijani, uko kushoto juu, Wali nyama umehamishiwa upande mwingine kabisa karibu na ndizi. Jumla iko juu kwa namba kubwa. Kila kitufe kinalia, na vya nyama vina mlio tofauti. Fundi seremala wa Kaloleni amenitengenezea kitako cha mbao kinachokiinua kishikwambi kimtazame aliyesimama, na nyuma yake tumetundika taulo kavu kwa ajili ya vidole vya wahudumu wanaotoka kuosha sahani. Kila mmoja ana namba yake ya siri. Jioni binti mwenyewe ndiye anasoma Z, mimi nasoma kishikwambi, tunaandika namba zote mbili kwenye kijitabu kilekile cha upungufu.

Siku ya tano leo, zinalingana.

Jana wakati wa kufunga akaniambia kuna kitu kimebaki. Asubuhi supu na chapati ndizo zinazotoka, lakini kitufe cha chapati kiko mbali na cha supu, anavuka kioo mara 100 kabla ya saa nne. Nimemwambia Msimbo anapita tena Jumamosi, amweleze mwenyewe.